Jaji Bora wa Mchana, Adelphi

Sisi watu wa zamu ya jioni tulikuwa na mchana mzima wa kuujaza, na Marekani ya mwishoni mwa miaka ya tisini ilitujazia majaji. Ukiwasha televisheni saa tisa alasiri unamkuta jaji. Ukibadilisha stesheni unamkuta jaji mwingine, na yeye kavaa joho jeusi na kakunja uso vilevile. Saa kumi aliingia jaji mwanamke mwenye sauti ya mtu anayekwangua ukoko, na huyo ndiye tuliyempenda kuliko wote, kwa sababu hakumwacha mtu amalize uongo wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilishakaa Tanga, Mombasa, Maskati na mji mmoja wa baridi ambao sitaki kuukumbuka, na tangu hapo nimekaa kwingine kwingi. Adelphi, kitongoji kilicho pembeni mwa mji mkuu wa Marekani, nilipanga chumba pamoja na jamaa wa Nairobi aliyeendesha teksi, kwenye majengo ya matofali mekundu karibu na Barabara ya University. Mimi nililinda maegesho ya magari mjini. Ghorofa ya juu yetu aliishi Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote jengoni. Alikuwa mama wa makamo kutoka Mombasa, mhudumu kwenye makao ya wazee, na alikuwa na televisheni kubwa kuliko zote. Mlango wake ulikuwa wazi kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, tulipotawanyika kwenda kazini. Jirani yake, mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa akifua mashuka hotelini, alikuja na kiti chake mwenyewe.

Kesi zenyewe zilikuwa za ajabu. Mwanamke kamshitaki kinyozi wa mbwa kwa kumnyoa mbwa wake mtindo asioutaka. Ndugu wawili wamegombea kabati la marehemu mama yao mpaka wamelikata kwa msumeno, na kila mmoja kaja mahakamani na nusu yake. Sisi tuliotoka nchi ambako kesi ya shamba hurithiwa pamoja na shamba lenyewe, tuliona haki ikitolewa kabla ya tangazo la sabuni na tukaduwaa.

"Kwetu faili yangu ilikulwa na panya," mama wa Bukavu alituambia. "Nilienda ku tribunal, karani akaniambia, mama, pole, panya wamekula, anza tena mwanzo. Huyu juge angemufunga karani pamoja na panya."

"Mama, hiyo ni shoo tu," alisema jamaa yangu wa Nairobi. "Hao wasee hulipiwa ndege na hoteli ndio wakuje kugombana hapo."

"Nyamaza wewe," Shangazi akamjibu bila kugeuka. "Na za kwetu si maigizo? Tofauti yake hawa wanapewa hoteli."

Siku moja jamaa huyo alikuja na gazeti ambalo abiria alilisahau kwenye teksi. Ukurasa wa burudani ulikuwa na orodha ya tuzo za vipindi vya mchana. Alitusomea. Kulikuwa na tuzo za tamthilia, tuzo za mapishi, tuzo za vipindi vya watoto, tuzo ya mavazi, hata tuzo ya nywele za waigizaji. Shangazi alimfanya arudie mara mbili. Tuzo ya mahakama haikuwepo.

Alivua miwani. "Nywele zina tuzo, haki haina?"

"Labda watawaweka mwaka ujao," nilisema.

"Mwaka ujao mimi nitakuwa hai? Tutawapa sisi."

Hivyo ndivyo zilivyoanzishwa tuzo za mahakama za mchana za Adelphi. Kulikuwa na tuzo ya Mwongo Bora, tuzo ya Machozi Bora, tuzo ya askari wa mahakama aliyesimama vizuri bila kufanya kitu, na tuzo kubwa ya Jaji Bora. Kikombe kilitokana na mchi mdogo ambao mama wa Bukavu alitwangia kisamvu, na jamaa wa Nairobi akaupulizia rangi ya dhahabu ya magari. Mama wa Bukavu alilalamika wiki nzima.

"Mchi yangu ya sombe! Mutanipa ingine?"

"Utarudishiwa," Shangazi alimwambia.

"Na rangi? Niile rangi?"

Hapa lazima nieleze kwamba jengoni tulikuwa na jaji wa kwetu. Alikuwa mzee wa Pwani aliyefanya kazi miaka mingi kama karani wa mahakama ya kadhi, na sasa alikuwa bawabu wa jengo la ofisi mjini. Watu walimpelekea mashauri yao Jumamosi baada ya adhuhuri. Alipokea kila mtu kwa heshima. Aliomba dua, akamimina chai, akasimulia kesi moja ya zamani isiyohusiana na ya kwako, akazisikiliza pande zote mbili bila kukatiza, kisha akafumba macho. Mkishaanza kudhani amelala, alifumbua na kusema: "Shauri hili ni zito. Tuliahirishe."

Kwa muda wote niliomjua, Mzee hakuwa amekata shauri hata moja. Mashauri yake yalikufa yenyewe. Mgomvi mmoja alihamia jimbo jingine, wa pili akachoka, na yeye akayahesabu yote kuwa suluhu.

Shauri lililogoma kufa lilikuwa la dada mmoja wa Unguja, aliyeishi na mumewe ghorofa ya chini. Mumewe alikuwa hajazungumza naye kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hakumpiga, hakumtukana. Dada yule alikuwa amejiandikisha darasa la Kiingereza bila kumwambia, na tangu jioni aliyogundua, bwana alifunga kinywa. Alichotaka kusema alikiandika kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika kwenye friji. Alikuwa mtu nadhifu, mpole, mwenye tabasamu, na nje ya nyumba yake aliongea na kila mtu, hata na mbwa wa watu.

Dada alitaka talaka. Ndugu yake wa kike alikuwa Fairfax, upande wa pili wa mji, amemwekea chumba, na karibu na hapo kulikuwa na kozi ya wauguzi wasaidizi iliyokuwa ianze mwanzoni mwa Septemba. Tulikuwa tayari katikati ya Agosti.

"Kwani usiende tu?" mama wa Bukavu alimuuliza. "Pakia valizi, panda basi. Fairfax si mbinguni."

"Nkitoka bila talaka, mama'ngu kule ataambiwa mwanawe mtoro," alijibu kwa sauti ndogo. "Mie n'meingia kwa mlango, n'toke kwa mlango."

Kwa hiyo alikwenda kwa Mzee. Alikwenda mara sita. Kila mara mumewe alikuja, amevaa shati lililopigwa pasi, akaketi na kumwambia Mzee maneno yaleyale: "Mie mke wangu nampenda, Mzee. Sijamnyima chakula, sijamnyima nguo. Nawe neno lako utakalosema, mie nalifuata." Alijua, kama sote tulivyojua, kwamba hakuna neno lolote litakalosemwa. Mzee alilengwalengwa na machozi. "Mnaona? Mapenzi yapo. Tuliahirishe." Mara ya sita dada yule alikuja na bahasha ya vile vipande vya karatasi, kwa sababu kwenye televisheni alikuwa ameona kwamba mtu haendi mahakamani bila ushahidi. Mzee aliisukuma ile bahasha kwa kidole. Mambo ya ndani ya nyumba, alisema, hayaletwi kwa karatasi.

Jumatatu yake dada alikaa kwa Shangazi akitazama jaji wa saa kumi akimaliza kesi ya watalaka wawili na kasuku wao, nani abaki naye, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Machozi yalimtoka tu, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Shangazi alizima televisheni. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Mwanangu," aliniambia, "nenda kamwambie Mzee ameteuliwa."

"Ameteuliwa kwa nini?"

"Jaji Bora. Yeye ni wa tatu. Nenda."

Nilimkuta akisoma gazeti la wiki iliyopita. Nilimwamkia, akaitikia, nikampa habari. Alilikunja gazeti polepole, kwa mikunjo minne.

"Mimi na mambo ya tuzo wapi na wapi," alisema. Kisha, akilikunjua tena: "Na wengine ni akina nani?"

"Jaji wa saa tisa na jaji wa saa kumi."

"Wale wa kwenye televisheni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Wanajua kama na mimi nimo?"

"Bado hawajaarifiwa."

Alitikisa kichwa kama mtu anayewahurumia. Hapo nikamweleza sharti, kama Shangazi alivyonifundisha. Kila aliyeteuliwa ataonyeshwa akikata shauri moja mbele ya wapigakura. Wale wawili tumewarekodi kwenye kanda za video. Yeye hana kanda, hivyo itambidi akate shauri papo hapo, sebuleni kwa Shangazi, Jumamosi. Dakika ishirini, kama wao.

"Dakika ishirini," alirudia. "Bila matangazo?"

"Matangazo yapo, Mzee, lakini hayahesabiwi."

"Na shauri lipi?"

"Lile ambalo Mzee umelisoma vizuri zaidi. Umelisikiliza mara sita."

Alinitazama usoni. Hakuwa mjinga hata kidogo, na ninaamini aliona mtego wote mbele yake. Lakini pia alikuwa ameketi miaka mingi chini ya kiti cha kadhi, akiandika hukumu za mtu mwingine kwa mwandiko wake mzuri, na hakuna aliyewahi kumteua kwa lolote. "Mwambie Shangazi," alisema, "joho ninalo."

Jumamosi hiyo sebule ya Shangazi ilijaa hadi koridoni. Watu walikuja kutoka majengo ya jirani, na familia moja ya Bowie, kitongoji cha wenye nacho, ilikuja na gari kubwa na keki ya dukani, wakikanyaga zulia letu kwa uangalifu kama watalii. Mume wa dada alikaa mbele, shati limepigwa pasi, akitabasamu kulia na kushoto. Alikuwa amekuja bila wasiwasi, kwani mwamuzi alikuwa Mzee, na mbele ya Mzee palikuwa salama.

Tulianza na kanda. Jaji wa saa tisa alikata kesi ya keki ya harusi iliyolalia upande. Watu walipiga makofi ya adabu. Jaji wa saa kumi alimnyamazisha mtu aliyekuwa bado hajafungua kinywa, na sebule ikalipuka. Tuzo ya Machozi Bora ilikwenda kwa mwenye mbwa. Kisha Shangazi akaitega saa yake ya jikoni, ile ya kupimia mikate.

"Simameni nyote!" alipaza sauti jamaa wa Nairobi, ambaye alikuwa askari wa mahakama na alikuwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Mzee alitoka chumbani amevaa joho lake la harusi, jeusi, lenye nyuzi za dhahabu shingoni. Hakuomba dua ndefu. Hakumimina chai. Aliketi, akagonga meza ya kahawa kwa ule mchi, chembe za dhahabu zikadondokea zulia, na mama wa Bukavu akaguna.

"Mdai. Sema. Kwa ufupi."

Dada alisimama. Alisema kwa sauti ileile ndogo kwamba anataka talaka, kwamba mumewe hajamsemesha mwaka mzima na zaidi.

"Mdaiwa?"

"Mzee, mie mke wangu nampenda—"

"Nimekuuliza kama humsemeshi."

Sebule nzima ikavuta pumzi. Mzee alikuwa amekatiza! Mume alitabasamu, tabasamu lisilokuwa na mahali pa kukaa.

"Tunaelewana bila maneno, Mzee."

"Vielelezo," Mzee akasema, akanyoosha mkono.

"Tangazo!" askari akapayuka. "Teksi safi, kiyoyozi kipo, airport bei poa—"

"Kaa chini!" Shangazi alimkemea.

Dada alitoa ile bahasha. Mzee alivaa miwani ya kusomea, akatoa vipande kimoja kimoja na kuvisoma kwa sauti yake ya karani, wazi, bila kuongeza chochote.

"'Chumvi imezidi.' 'Funga dirisha.' 'Nimekula.' 'Zulia.'" Alikigeuza hicho kuona kama kuna zaidi nyuma. Watu walianza kucheka. "'Sabuni si hii.' 'Mama yako kapiga simu wiki iliyopita.'"

Kicheko kikapungua.

"'Idi njema,'" alisoma Mzee.

Alikishika kile kipande mbali kidogo na macho, kisha karibu. Saa ya jikoni iliendelea kuhesabu. Hakuna aliyecheka, hata familia ya Bowie, ambao watoto wao walikuwa wakiulizana kwa Kiingereza kilichoandikwa hapo.

"Hii uliibandika siku ya Idi?"

"Ndiyo, Mzee," mume alisema.

"Kwenye friji."

"Ndiyo."

"Na yeye alikuwa wapi?"

Mume alinyoosha kola ya shati. "Jikoni. Anapika."

Mzee alivua miwani. Nilidhani atafumba macho. Nilimwona Shangazi akishika kingo za kiti, na dada amesimama tu mikono kifuani, akimtazama mzee yule midomo, anangoja neno alilolisikia mara sita. Ilikuwa imebaki dakika sita au saba. Hakufumba.

"Umesema kwangu mara sita kwamba neno langu utalifuata. Hili ndilo neno langu. Mwache. Leo, hapa."

Mume alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kutabasamu naye, akakosa. Kisha akafanya kitu ambacho nadhani hata yeye hakukifikiria. Alitia mkono mfukoni mwa lile shati, akatoa kijitabu na kalamu, akaanza kuandika.

"La!" Mzee aligonga mchi. "Karatasi zako nimeshazisoma. Sema."

"Mzee, maandishi ni—"

"Cheti nitaandika mimi, ni kazi yangu. Wewe mtazame, umwambie."

Alisimama. Alimgeukia mkewe, na ilionekana wazi kwamba hajui aanzie wapi, kama mtu aliyerudi kwenye nyumba aliyohama na kukuta milango imehamishwa. Alikohoa. Ndipo akasema, kwa sauti iliyopasuka kidogo:

"Nimekuacha. Talaka moja."

Baada ya mwaka na zaidi, hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwake. Dada aliinamisha kichwa. "Ahsante," alimwambia, na nadhani alimaanisha. Saa ya jikoni ililia muda mfupi baadaye, na mama wa Bukavu akaruka kwa furaha: "Ameshinda na saa! Na saa pia!"

Sisemi kwamba haki ilitendeka kwa sababu ilitendeka upesi. Nimeshaona vya kutosha tangu hapo. Wiki zilizofuata Mzee alilewa ushindi, akakata kila kilicholetwa mbele yake. Aliwapa watu wawili kiti cha mbele cha gari moja wakikalie kwa zamu, akamwamuru kijana mmoja amwombe radhi ndugu yake ambaye hakuwa na ugomvi naye. Alipata kura zote za tuzo isipokuwa moja, na aliuweka ule mchi juu ya televisheni yake hata mama wa Bukavu alipotishia kumpeleka kwa jaji wa saa kumi. Lakini siku ile, kuhusu karatasi zile, hakukosea.

Dada hakungoja kura zihesabiwe. Aliiandika kura yake, akaitumbukiza, akashuka kufunga vitu vyake. Kesho yake asubuhi niliazima teksi ya mwenzangu nikampeleka Fairfax: masanduku mawili, mto, na sufuria aliyosema ni ya mama yake. Mumewe alikuwa ametoka mapema. Kwenye mlango wa friji hakukuwa na karatasi yoyote.

Tulipoingia barabara kuu inayouzunguka mji, alianza kuzungumza. Nilimfahamu kwa miezi mingi na sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya sentensi mbili mfululizo. Sasa alisema juu ya sufuria, juu ya mama yake, juu ya mwalimu wa Kiingereza aliyevaa soksi za rangi mbili. Aliniambia ile kura moja iliyokwenda kwa jaji wa saa kumi ni yake, kwani yule asingemweka mara sita. Aliniambia jinsi alivyokuwa akiongea na jiko. Alicheka, akalia kidogo, akaniuliza swali na kulijibu mwenyewe, akanisimulia juu ya mti mmoja wa ndimu nyuma ya nyumba yao na nani aliuotesha na nani alisema ndiye aliyeuotesha. Nilikuwa namsikiliza yeye, si vibao. Nilipokuja kuangalia, njia ya kutokea kwenda Fairfax ilikuwa imeshabaki nyuma.

"Samahani," nilimwambia. "Nimepitiliza. Natoka mbele hapo, nageuza."

Alitazama dirishani, akatazama masanduku yaliyokuwa kiti cha nyuma.

"Usigeuze," alisema. "Zunguka tu. Bado sijamaliza."